Ute wa Soya

Mji unaitwa Mito. Kwa lugha yetu
ungekuwa na maji mengi, au usingizi.
Ni Februari, theluji imekuwa tope mlangoni pa maabara,
na Shizue Okitsu amevaa kandambili za kijani
zenye namba ya mtu aliyekwisha kustaafu.

Leo anapima ute.
Ule ule uvutikao kama mlenda
kwenye soya iliyochachuka,
ambao mama yake aliukoroga kwa vijiti kila asubuhi
akihesabu: arobaini na tisa, hamsini,
na baba akisema, harufu ya soksi. Huku anakula.

Ameusafisha ukabaki mnyororo mtupu,
pingili kwa pingili, kila pingili na chaji hasi,
zikisukumana kama ndugu waliogombania shamba
ila zimeungana tumboni, haziachani.
Ndiyo maana mnyororo hunyooka majini.
Si adabu ile. Ni ugomvi.

Tone moja, kati ya sahani mbili za platini.
Umeme unageuka: kulia, kushoto, kulia,
mara elfu kwa sekunde, polepole.
Ayoni za sodiamu zinaambaa mnyororo
kama chawa kwenye mshono wa shati,
huku, kule. Hazijafungwa, hazijaachiwa.

Mara milioni. Ayoni hazifiki tena zilikotumwa.
Mara bilioni. Mnyororo ni gogo,
maji tu ndiyo bado yanageuza vichwa,
na baadaye hata maji yanapitwa.

*Kila kitu kina kasi ambayo ukiizidisha
hakiitikii.* Anaandika, anafuta, anaandika namba.

Saa tisa simu kutoka makao ya wazee:
mama leo haitiki jina lake.
*Mlimwita kwa haraka gani?* anauliza.
Muuguzi hakuelewa swali.

Jioni anamkalisha kitandani, bakuli mapajani,
anamshikisha vijiti, mkono juu ya mkono,
anaanza kukoroga, taratibu, taratibu zaidi ya hapo.
Muda mrefu hakuna kitu.
Kisha mkono wa mama unafuata,
robo mzunguko nyuma.

Kule maabara kuchelewa huko huitwa upotevu:
nguvu isiyorudi, iliyogeuka joto.
Shizue anaiacha mikono ilipo.
Chumba kizima kinanuka soksi.