Shahidi wa Chuma

"Usilioshe," alisema wakili Villaseñor,
"wala usiliuze kwa kilo.
Hilo gari ndilo shahidi wetu."
Likalala ghalani kwa Orville Tackett,
nje kidogo ya Lubbock, miezi kumi na minne,
paa limebonyea hadi kwenye usukani
kama kofia iliyokaliwa.

Leo amekuja na futi kamba na fundi mkimya.
"Lilibiruka mara ngapi?"
"Mbili na nusu.
Ile nusu ndiyo iliyomvunja Corliss shingo."
Akaandika. Hakusema pole.
Akapima: inchi kumi na mbili.

Kampuni imeshaleta barua: upepo, mwendo, tairi kuukuu,
na dereva. Bila shaka, dereva.
Orville hujiuliza hayo kila usiku
wala hamtozi mtu ada.

Corliss yuko kitandani, dirisha liko wazi;
macho tu ndiyo yanayotembea.

Kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma.
"Na yai nalo nisiliguse?"
Wakili akainama, akapiga picha,
kisha akaketi vumbini na suti yake,
akafunga daftari.
"Nisimulie tangu mwanzo," akasema.
"Asubuhi ile mlikula nini?"