Hesabu ya Ghala

Miezi mitatu nilimeza masomo sitini.
Mwalimu alikaa sikioni, mwanamke wa sauti ya asali,
akisema, nami nikisema nyuma yake
kama mtoto wa chuoni asiyejua aya yaelekea wapi.
Napiga pasi, anasema. Namenya muhogo, anasema.
Usiku nililala naye, waya shingoni,
nikidhani lugha huingia kama joto la Machi,
bila hodi.

Kisha Bwana Shen akapiga simu pale Shimanzi:
kontena la vigae limefunguliwa, maboksi yana nyufa.
Akaniuliza neno moja tu, fupi,
na mimi, mwenye masomo sitini,
nikafungua mlango wa kichwa, nikakuta sakafu.
Nikajibu *mai*.
Nilikusudia tumenunua. Nikasema twauza.
Chengo wa forklifti alicheka hata akazima injini.

Sauti ikizama kisha ikaibuka, ni kununua.
Ikianguka kama boksi, ni kuuza.
Na kwa nyanya yangu wa Lamu, Mungu amrehemu,
mai ni maji tu, ya mtungini,
hayana biashara.

Miaka kumi na mmoja mimi karani wa ghala.
Najua mali bila daftari hupotea bila habari.
Najua kigae hakiibwi siku kinapoingia;
huibwa siku ya tatu, watu wamekizoea.
Mbona maneno niliyamwaga tu, mlango wazi,
lori juu ya lori?

Basi, daftari jekundu.
Somo moja, dakika ishirini, baada ya swala ya alfajiri,
kabla jirani hajawasha redio.
Na si kusikiliza tena: mwalimu akiuliza
namsimamisha kwa kidole,
najibu kwanza mimi, peke yangu, jikoni,
hata nikikosea. Hasa nikikosea.
Tarehe ya kuingia, hapa. Pembeni yake: kesho.
Kisha siku ya tatu, siku ya wezi.
Kisha wiki. Kisha mwezi ukiandama.
Neno lililoitika, tiki.
Lililonyamaza linarudi mkiani mwa foleni,
bila matusi.
Ijumaa sipokei mzigo mpya. Nahesabu tu.

Saumu, binti yangu, huniambia:
Mama, wenzio wako somo la tisini.
Mimi niko la kumi na nne,
somo la bwana anayetafuta hoteli
ambayo, wallahi, hataifikia.
Waende.
Ghala kubwa likiwa tupu hulipiwa kodi ileile.

Sikusema nimekuwa malaika.
Wiki ya Idi daftari lilikaa juu ya friji
likashika mafuta ya sambusa.
Niliporejea, maneno tisa hayakuwepo.
*Ni* tu lilisalia, ambalo kwao ni wewe,
limekaa mlangoni kama bawabu:
ni, ni,
wewe, wewe.
Nikaanza nalo.

Jumanne Bwana Shen alikuja mwenyewe, viatu vyeupe vya vumbi.
Akauliza. Nikainua kidole hewani
kumsimamisha mwalimu asiyekuwepo,
Chengo akadhani namkataza mtu,
nikajibu: arobaini na mbili vimevunjika.
Hatujauza. Tumenunua.
Akanitazama. Kisha akamwaga maneno kama kokoto,
na sikuokota hata moja.
Lakini yale yangu yalikuwa yangu,
nimeyahesabu.

Lipo moja tu linalonishinda.
Nimeliandika mara saba, safu zote,
na kila Ijumaa rafu yake ni wazi.
Ni neno lao la kusahau.
Huanza kama *wangu*, kisha, kabla halijawa langu,
linageuka kona.
Leo pia sikulipata.
Nimeliandika tena, kwa wino mweusi:
kukaguliwa, kesho.