Ungo Usiopeta

Kuta za nyumba yetu Mikindani
ni za mawe na chokaa, nene;
dirishani unaweza kulaza mtoto wa miezi sita
na asianguke upande wowote.
Kwa hiyo mtandao, kila ulipoingia,
ulikuwa na adabu ya mgeni wa kiume:
unaishia ukumbini.

Huku nyuma, chumbani kwangu,
nilibaki mimi na daftari la chama cha msingi,
kilo za korosho za watu mia tatu na ushei,
na kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo
kama ngamia wa kinu cha mafuta.
Siku za mnada nilitoa mkono nje ya dirisha,
simu juu,
kama mtu anayeanua nguo za jirani.

Toboa ukuta, nilishauriwa.
Mama yangu, Bi Somoe binti Mfaume, akasema:
"Ukuta huu haujatobolewa tangu enzi za bibi yangu.
Utaanza wewe?"

Fundi Mchopa alikuja Jumanne, kachelewa saa mbili.
Hakuuliza ruta iko wapi.
Alitazama juu ya bati,
mahali ambapo siku hizi hapatazamwi na mtu:
ungo.
Umekula kutu, haujapeta kitu miaka tisa,
kunguru wameufanya kiti.
"Waya wake unakwenda wapi?"

Tukaufuata.
Chini ya paa, juu ya dari, kwenye utando wa buibui,
nyuma ya kabati la Mama,
kisha, bila aibu, ndani ya ukuta.
Kitundu upana wa kidole,
kimezibwa kwa sabuni na gazeti, kikapakwa chokaa.

Mama alikitazama muda mrefu.
"Alitoboa nilipokuwa Ndanda, nauguza."

Jina hakulitaja. Kwetu jina la baba halitajwi,
anaitwa Masasi,
huko alikohamia kwa mke mdogo.
Mwaka ule korosho ilipanda bei;
alinunua ungo, televisheni mbili,
akavuta waya mpaka chumba cha nyuma
ili atazame mpira akiwa amelala.
Alipoondoka alibeba televisheni zote mbili, na kochi moja.
Waya aliuacha.
Nani anahama na waya?

Mchopa akaimenya ncha kwa wembe:
ganda jeusi, wavu wa rangi ya fedha,
nyama nyeupe kama ya nazi,
na katikati uzi wa shaba, unang'aa,
haujui kama umeachwa.
"Mzima huu," akasema. "Waya hauchagui mzigo.
Ulibeba mpira, utabeba korosho.
Mbachao..."
Methali hakuimalizia, mdomoni ana skrubu.

Ungo akautenga.
Kigawanyo kilichooza akakitupia uani, kuku wakakikimbilia.
Akaweka vichwa vipya, akavikaza kwa vidole, kisha kwa spana.
Visanduku viwili vilikuwa vimekuja na basi kutoka Dar:
kimoja akakikalisha ukumbini ubavuni mwa ruta,
kingine mezani kwangu.
Taa moja ikawaka. Nyingine ikasita.
Akarudi ukumbini akinung'unika, kuna kichwa hakijashika.
Ikawaka.

Kiduara kikakoma.
Majina yakateremka kama mvua ya bati:
Chinguile, Nangomwa, Mnunduma mkubwa, Mnunduma mdogo,
kilo, daraja, shilingi.
Nilisahau hata kumlipa fundi;
bado ananidai elfu kumi.

Mama alisimama mlangoni na ungo wake, ule wa mchele.
"Huo unafika mpaka wapi?"
"Popote."
"Masasi?"
"Na Masasi."

Akapeta mara mbili, mara tatu.
Pumba zikatua kwenye sakafu niliyokwisha kuifagia.
"Hicho kitundu kizibwe vizuri safari hii," akasema.
"Sabuni inaliwa na panya."