Mia Moja na Kumi na Mbili

Karatasi imetoka kwenye mashine saa tisa usiku.
Mimi ndiye niliyeweka damu, mimi ndiye ninayesoma:
Kabugho, mwanamke, miaka sabini na mmoja, wa Katwe.
Sodiamu, mia moja na kumi na mbili.
Nikaosha mrija, nikaingiza tone jingine.
Mashine haina mama. Ikasema vilevile.

Watu husema mzee amekula chumvi nyingi.
Huyu hakuila tu, alisimama ndani yake
miaka thelathini, maji ya ziwa kiunoni,
akikwangua sakafu ya kidimbwi kwa nyayo,
visigino vimepasuka tangu mimi niko darasa la pili,
na ada yangu ya chuo, muhula kwa muhula,
ikapakiwa kwa magunia kwenye malori ya Kongo.

Januari muuguzi akampima presha,
akamwambia, mama, acha chumvi,
akampa na vidonge vya kupunguza maji mwilini.
Mama ni mtu wa kutii. Aliacha.
Akala bundu kwa sombe lisilo na ladha,
akashushia maji, jagi baada ya jagi,
kwa kuwa redio ilisema maji ni uhai.

Sasa ananiita Mbambu.
Mbambu ni mdogo wake, amelala kaburini
tangu kabla sijazaliwa.
"Mbambu, mvua hiyo! Kimbia kwenye vidimbwi,
itatuharibia chumvi yote."
Nikamwambia hakuna mvua, tazama dirishani, nyota.
Kumbe yeye ndiye aliyeona.
Mvua imenyesha, ila imenyesha ndani yake.

Haya nilifundishwa Mbarara, kwa chaki:
kila seli ina mlango, na mlangoni bawabu asiyelala.
Sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani,
na kila zamu analipwa kipande cha fosfeti.
Tatu nje, mbili ndani. Tatu nje, mbili ndani.
Hesabu isiyolingana, na ni kule kutolingana
kunakoupa neva cheche, na ulimi jina la mtoto.
Kalsiamu yeye hubisha hodi tu, msuli ukajikunja,
kisha hufukuzwa upesi; mgeni huyo akikaa, nyumba huanguka.
Mwalimu Tumwebaze alisema, chokaa, magadi, kutu,
vitu visivyo na uhai hata chembe,
ndivyo vinavyokuotesha ndoto.
Sikuandika. Sikudhani lingetoka kwenye mtihani.

Maji hufuata chumvi. Nje ya seli imepungua,
basi maji yameingia ndani, ubongo umevimba,
na fuvu si gunia, halitanuki.

"Mpe yote," nikamwambia daktari. "Chupa nzima, sasa hivi."
Daktari Muhindo hakuinua hata sauti.
"Nane kwa siku. Ukimkimbiza, utamvunja."
Akarekebisha gurudumu dogo la dripu
mpaka matone yakawa ya kuhesabika.

Ndipo nikamkumbuka mama akiwa mama:
mimi na kikombe cha plastiki ukingoni mwa kidimbwi,
nataka kuchota utando ukiwa bado laini,
naye ananichapa kiganja.
"Chumvi haiitwi. Jua likimaliza kazi yake, itakuja."
Nyuma yake, kiwanda kile cha zamani, kimya.
Walitaka kuiharakisha kwa mabomba.
Ziwa likayala mabomba.

Nimeketi. Tone. Tone.
Saa kumi na moja, mia moja na kumi na nne.
Nje, heroe wanapita juu ya paa wakigombana,
harufu ya ziwa, yai viza, inaingia kama ndugu.

Saa moja asubuhi, mia moja na kumi na sita.
Amefumbua macho. Ananitazama koti,
ananitazama viatu, ananitazama usoni kwa muda mrefu,
kama mtu anayepima gunia kwa macho kabla ya kutaja bei.

"Wewe si Mbambu," anasema.
Hapana, mama.
Mimi si Mbambu.