Bamba la Tisa

Namtoa chupani kwa koleo.
Spiriti inadondoka mezani.
Urefu wake kidole cha shahada,
kichwa kipana, tumbo bapa, mdomo uko chini,
mviringo kama kikombe kilichofudikizwa juu ya jiwe.

Hana magamba. Kambare hana magamba, mtoto wa mtoni anajua.
Lakini huyu kajishonea deraya ya mfupa,
safu tano kila ubavu, bamba limelalia bamba,
na juu ya bamba vimiba, na vimiba hivyo
ukivikata ni meno, meno kamili, yana dentini,
kana kwamba kinywa hakikumtosha
akaamua kuing'ata dunia kwa ngozi.

Hesabu, anasema Daktari Wanderlina.
Anataka jina kabla ya Juni.
Nahesabu miale ya mapezi, nahesabu mabamba.
Kushoto, ishirini na nne.
Kulia, ishirini na nne,
ila la tisa limepinda: lilivunjika
likaunga vibaya, lina kijishimo
cha upana wa msumari.

Msumari huo naujua.
Umechomekwa kwenye ncha ya kijiti,
kijiti kinaning'inia nyuma ya mlango wetu, Altamira.

Baba yangu Juvenal hajawahi kuchungulia hadubini.
Alizama Mto Shingu usiku, mpira wa kompresa kinywani,
tochi mkononi, akapapasa nyufa za miamba
pale maji yanapokimbia kama mdaiwa.
Akari wote aliwaita kwa tabia zao:
Mlamba-mwamba. Sharubu. Kisirani.
Huyu ndiye Kisirani.
Mguse, atakaza mwiba wa mgongo na miiba ya ubavuni,
ajikwamishe ufani; ukimvuta
unauvuta mto mzima.

Wanunuzi hawakuwa na subira ya majina.
Walimpa namba, kama mfungwa,
wakampandisha ndege ndani ya mfuko wa maji,
akaenda kulala kwenye vioo vya watu
wasiojua mto una harufu.

Dume lake hukaa shimoni juu ya mayai,
huyapepea kwa mapezi usiku na mchana,
hali, hatoki, mpaka yaanguliwe.
Baba yangu hakuwa hivyo.
Alirudi Krismasi, na sikio lililotoboka,
akalala siku tatu.

Kisha wakajenga ukuta wa zege, maji yakageuzwa njia.
Mto Shingu, shingo imekabwa.
Wapo ndugu zake wa madimbwini wanaomeza hewa,
tumbo likafanya kazi ya matamvua,
hao wataishi hata kwenye karai.
Kisirani hapana. Kisirani ni wa maji yenye haraka.
Mpe maji yaliyotulia, ya uvuguvugu,
na deraya yote ile haimfai kitu.

Lebo imeandikwa kwa penseli, herufi zimelala ubavu:
Jiwe la Dona Zulmira, kina cha watu wawili.
Leo juu ya jiwe hilo mbuzi wanaota jua.

Huyu hafai, anasema Daktari, kielelezo cha jina
kiwe kizima. Mtafute mwingine.
Sawa.
Jedwali linauliza: kasoro?
Naandika: bamba la tisa, kulia.
Linauliza: sababu?
Naandika: haijulikani.

Saa kumi nampigia simu.
Nakuwa naye Kisirani, baba, yule uliyemkosa kwanza.
Anacheka. Mara mbili nilimkamata, anasema, yule mshenzi.
Halafu kimya, mlio wa feni yake.
Bado yupo?

Namtazama chini ya taa,
mboni zake zimeshushiwa kile kipazia
wanachokishusha mchana, mwanga ukizidi.

Yupo, nasema.
Eeh?
Yupo!
Daktari anageuka kwenye kiti chake.
Eeh? anasema baba. Sema kwa nguvu, mwanangu.
Yupo, nasema. Yupo, baba. Yupo.