Kabla ya Kiberiti

Jumamosi yangu ilikuwa na harufu yake.
Nafagia uani, nakusanya majani ya mkorosho,
pampasi za mjukuu, chupa za maji, kandambili iliyokatika,
natia kiberiti, narudi jikoni kusonga ugali.
Moshi nilimwachia Mungu.
Mungu naye akampelekea Somoe.

Somoe Chinguile, jirani yangu wa ukuta mmoja
(ukuta wenyewe matete, tena yenye matundu),
hakuwahi kunipigia kelele.
Alianua nguo zake, akafunga dirisha,
akamhamishia Bakiri chumba cha nyuma,
Bakiri wa miaka minne, kifua chake kinapiga mluzi.
Mluzi ule niliuzoea. Nilidhani amezaliwa nao,
kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita.

Siku moja upepo ukageuka.
Huku kwetu Newala, juu huku, upepo haubishi hodi.
Moshi ukarudi kwa mwenyewe,
ukaketi kitandani, ukazama kwenye mchele,
ukanitoa machozi ya mtu asiyefiwa.
Nikakohoa mpaka nikashika nguzo.
Upande wa pili wa matete Bakiri akauliza:
"Bibi, na wewe umepata kifua kama changu?"

Nilicheka.
Halafu sikucheka.

Sasa majani nayafukia chini ya mpapai;
mpapai haukohoi, na deni hulipa kwa mapapai.
Chupa anazipitia kijana wa skrepu.
Pampasi bado mtihani, nisikudanganye:
nachimba shimo, nafukia, nanung'unika.
Kuni nazianika kichanjani hadi zilie kavu zikigongana,
maana kuni mbichi ni kama mchumba mwongo,
moshi mwingi, moto hakuna.
Maharage yanalala majini, sufuria inavaa kifuniko,
na kuni ya tatu siku hizi inabaki ya kesho.

Mwanangu Mshamu, wa bodaboda,
alikuwa akiiacha pikipiki ingurume kijiweni
kutwa, bila abiria, "isije ikagoma."
Sasa anaizima. Haijagoma.
Anasema mafuta ya Jumatatu yanafika Alhamisi,
ila mbele ya wenzake hasemi kwamba ni mimi niliyemwambia.

Hata Likwemba, wa shamba la chini, kabadilika.
Msimu wa salfa tulikuwa tukiamka manjano,
watu na kuku, rangi moja.
Siku hizi anapita jioni, mlango kwa mlango:
kesho alfajiri napuliza, funikeni mitungi, anueni kanga.
Anamaliza kabla upepo haujanawa uso.

Mimi sijawa malaika.
Korosho bado nakaanga, mgeni akija namwonea haya.
Na moshi wa ganda la korosho unaujua:
unang'ata koo, hauachii.
Kwa hiyo nabeba kipande changu cha debe,
nauvuka mkorosho wa mwisho,
na kabla ya kiberiti nachota majivu kidogo,
nayarusha hewani, nayatazama.
Yakienda bondeni, nawasha.
Yakielekea kwa Somoe,
nakaa juu ya kigogo, kiberiti mkononi, nasubiri.

Jana nilikaa mpaka adhuhuri.
Wageni wakala muhogo wa kuchemsha,
wakasema mtamu.