Kila Dakika Mbili

Saa tisa na nusu usiku Dehen anagonga nguzo ya chumba changu,
mara moja tu.
Soksi za jana hazijakauka, nazivaa hivyo hivyo.
Wali baridi na samaki mkavu naufunga kwenye jani,
kisha tunaingia kinamasini, yeye mbele, taa kipajini,
maji meusi kama chai iliyosahaulika jikoni
yakitupanda goti, paja, kiuno.
Miguu yake inajua pa kukanyaga,
yangu inabahatisha.

Lazima tufike kabla Juwita hajaamka.
Ukichelewa unakuta kiota kitupu na msitu mzima
unaokutazama kama karani aliyekwisha funga dirisha.

Juwita ni orangutangu. Bintiye anaitwa Jingga,
maana kambini mtoto hubeba herufi ya mama.
Ana miaka saba, na bado ananyonya akipewa nafasi.

Saa kumi na moja na dakika arobaini majani yanatikisika.
Nakinga turubai chini ya kiota kwa heshima zote,
kwani jambo la kwanza analofanya bibi huyu kila alfajiri
ndilo lililonitoa Salatiga kwa ndege, kwa basi, kwa boti:
anakojoa.
Dehen anacheka bila sauti.
Navuta kwa bomba la sindano, naandika tarehe kwenye kichupa,
mkono unanuka,
siku imeanza.

Saa ya mkononi inalia kila dakika mbili.
L, anakula. T, anatembea. P, amepumzika.
X, haonekani: herufi ninayoiogopa.
Kila mti anaoula una kibati na namba.
Huu ni 614, namwambia Dehen.
Anakwangua gome kwa ukucha, ananusa, anautaja jina lake kwa Kingaju,
kisha anasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka bei ya chumvi,
“Huu nilishauanza kwa msumeno. Petroli ikaisha.”
Ananionyesha kovu, limevimba, limefunga mdomo.
L, naandika. L. L.
Maganda yanatuangukia vichwani.

Saa sita, mvua.
Juwita anavunja tawi, anajitwika majani utosini, anatulia.
P. P. P. Penseli tu, kwani wino huondoka na maji.
Ruba amenikaa nyuma ya sikio, ameshiba kabla yangu.
P arobaini na tatu. Nilizihesabu
kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kuhesabu.

Halafu, mvua ilipokatika, Jingga akamsogelea mama,
na mama akamsukuma.
Akarudi. Akasukumwa.
Akalia kilio kilichomfanya Dehen avue kofia
na kuishika, asijue aiweke wapi.
Saa ikalia. Nilitafuta herufi.
Niliandika P, kwa sababu mama alikuwa ameketi.

Jioni, Juwita akajenga kiota chake, dakika sita, fundi.
Mti wa pili, Jingga akakunja vitawi vitatu,
akakalia, vikaachia, akaning'inia kwa mkono mmoja,
akaanza upya. Kikawa kama kapu la mlevi,
lakini akalala.
Kwenye fomu, idadi ya viota: 2.
Miaka saba ya watafiti, na mimi ndiye niliyeandika 2!

Tulikuwa tumeshageuka kuondoka
tuliposikia majani yakichakacha gizani, polepole,
kutoka mti mmodogo kwenda mkubwa.
Nikawasha taa. Nikafuta 2.

Kambini kuna ubao mmoja tu gatini wenye mtandao;
husimama mtu mmoja, mguu mmoja, akikabili kusini.
Mama yangu akapokea mlio wa kwanza.
Unakula? Ninakula.
Unapumzika? Napumzika.
Unarudi lini?
Mto ulikuwa unapita chini ya ubao.
Dehen, nyuma yangu, alikuwa akisubiri zamu yake.